Kimea Hakileweshi

Mtu anayepika pombe nyumbani kwa kuipenda kazi yenyewe, bila kuuza hata lita moja, siku daktari akimwambia apumzike kunywa, majirani humuuliza swali moja: sasa vyombo utampa nani? Mama mdogo wangu wa Marangu, kwenye miteremko ya Kilimanjaro, hakumpa mtu. Presha ilimpanda, akaambiwa aiweke kata chini hadi hali itulie, akaiweka. Ungo, mtungi na mwiko wake viko palepale na havikai bure. Nimekaa naye jikoni mara nyingi tangu aache, na kadiri ninavyomtazama ndivyo ninavyoamini kwamba sehemu ngumu ya kazi yake haikuwa na kilevi ndani yake hata zamani.

Angalia mbege, pombe yake ya ndizi, inavyopikwa. Ndizi mbivu humenywa na kuchemshwa kwa saa nyingi hadi zigeuke rangi na kuwa nyekundu ya udongo, kisha hufunikwa na kuachwa siku kadhaa zichachuke. Baadaye huchanganywa na maji, zikachujwa. Pembeni unaandaliwa uji wa unga wa ulezi uliooteshwa, na humo huingia gome la msesewe, mti ambao wataalamu wa mimea huuita Rauvolfia caffra, ili kuleta uchungu. Uji ukipoa hukutanishwa na maji ya ndizi, vikalala pamoja, kesho yake watu wanakunywa. Kuchachuka kwenyewe hakumhitaji mpishi. Hamira za asili zimo kwenye ndizi, kwenye mtungi na hewani, na zikipata utamu hujifanyia kazi. Panapomtofautisha mpishi hodari na mbabaishaji ni kwenye ule ulezi uliooteshwa, yaani kimea. Kimea kikiwa kibovu, hakuna ndizi itakayoiokoa mbege.

Mama mdogo huanza na mbegu. Hagusi ulezi uliotiwa dawa ya kuhifadhi mbegu, maana huo ni wa kupanda, hauliwi. Hachukui pia ulezi uliozeeka pasipo kuupima. Ulezi una sifa ya kukaa ghalani miaka mingi bila kubunguliwa, ndiyo maana wazee waliutegemea wakati wa njaa, lakini punje isiyobunguliwa yaweza kuwa imekwisha kufa. Kwa hiyo huchota konzi moja, akaifunga kwenye kitambaa chenye maji na kusubiri. Zikichipua karibu zote, gunia limefaulu. Kisha hupepeta, huosha, na kumimina punje pamoja na maji kutoka chombo kimoja hadi kingine, polepole, ili mchanga uliojificha ubaki chini. Kazi hiyo huirudia hadi vidole vyake visisikie chengachenga yoyote.

Ulezi hulala majini usiku kucha. Asubuhi humwaga maji na kuutandaza juu ya gunia lenye unyevu, tabaka jembamba, akaufunika kwa majani ya mgomba. Kuanzia hapo hana safari ya mbali. Punje inayoota hupumua na kutoa joto. Zikirundikana, za katikati huchemka zenyewe na kufa, na ukungu hupata makao. Asubuhi na jioni huzigeuza kwa vidole vilivyotanuliwa na kunyunyiza maji kidogo. Kabla ya kuinua majani huingiza kwanza mkono chini yake na kutulia. Hana kipimajoto, ila atakuambia kona ipi imepata joto kuliko nyingine, na ukigusa unakuta ni kweli. Pua nayo ina zamu yake. Kimea kinachokwenda vizuri hunukia tango bichi. Kikinuka uvundo, hukitupa chote, hata kama uharibifu unaonekana sehemu moja tu, kwa sababu sumu zinazoachwa na ukungu haziondoki kwa kukaushwa wala kwa kupikwa.

Siku ya pili au ya tatu vimizizi vyeupe hutokeza. Vikifikia urefu wa punje au kuzidi kidogo, husimamisha. Akiwahi mno, punje haijatengeneza nguvu ya kutosha. Akichelewa, mche unakuwa umekwisha kula akiba ambayo yeye aliihitaji. Husimamisha kwa jua: mkeka, tabaka jembamba, kugeuzageuza, hadi punje ilie meno yakiibana. Kisha huzisugua baina ya viganja, vimizizi vikakatika, ungo ukavipeperusha. Wanaotumia mtama wanatakiwa kuwa makini zaidi hapa, kwa kuwa chipukizi la mtama hubeba kemikali inayozaa sayanidi na ni lazima liondolewe. Ndiyo sababu moja inayomfanya mama mdogo asiuache ulezi wake.

Kinachotokea ndani ya punje kinajulikana vizuri. Mbegu ikiamka hutengeneza vimeng'enya, amilasi ikiwa mojawapo, vya kuvunja wanga uwe sukari ili mche upate chakula kabla haujatoa majani. Mpishi huikatiza safari hiyo katikati, akaichukua amilasi kwa matumizi yake. Viwanda vikubwa vya bia ya shayiri hufuata hatua hizihizi tatu, yaani kuloweka, kuotesha na kukausha, kwa mashine na vipimo. Hapa nchini kimea kimetoka hata nje ya habari za pombe: kuanzia miaka ya 1980, Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania ilikihimiza kwenye uji wa watoto wadogo, kwa sababu kijiko kimoja huulegeza uji mzito ukanyweka bila kuongezwa maji, na mtoto akapata chakula kingi katika kikombe kidogo.

Nguvu hiyo utaiona waziwazi kwenye togwa, kinywaji ambacho mama mdogo amehamia. Kukipenda hakuhitaji uwe Mchaga. Songea, Iringa na Mbeya wanakijua vizuri zaidi: hunywewa shambani, harusini na msibani, na watoto hawakatazwi. Mama mdogo hupika uji wa unga wa mahindi, mzito kiasi cha kuusimamisha mwiko, kisha huuepua na kuungoja upoe. Kungoja huku ndiko kunakowashinda wengi. Kimea kikitiwa kwenye uji unaochemka, amilasi hufa na uji hubaki ulivyo. Kikitiwa uji umekwisha kuwa baridi kabisa, kazi hujikokota. Yeye hudondosha uji kidogo kwenye kifundo cha mkono. Ukivumilika bila kumfanya ashtuke, hunyunyiza kimea na kuanza kukoroga.

Mwanzoni hakuna kinachobadilika. Mwiko unakwenda kwa shida, bega linafanya kazi. Halafu uji uliokuwa umeng'ang'ania ukingo wa sufuria unaanza kuteleza na kung'aa, mwiko unapata wepesi, na baada ya muda si mrefu sufuria ina kinywaji cha kumimina. Maji hayakuongezwa. Ukionja unakuta umekuwa mtamu na sukari haikutiwa. Nimeyaona haya mara nyingi, na bado huacha ninalolifanya nitazame.

Baada ya hapo huongeza kikombe cha togwa ya jana, hufunika na kuacha hadi kesho yake. Utafiti uliochapishwa mwaka 2003, wanasayansi wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo cha Morogoro wakiwamo, ulifuatilia usiku huo wa togwa: bakteria wa asidi ya laktiki huongezeka na pH huteremka kutoka juu ya 5 hadi chini ya 3.5. Katika ukali wa namna hiyo bakteria wengi waletao kuhara hawastawi. Lakini utafiti huohuo ulikuta pia hamira, na hilo ni muhimu kwa mtu aliyeacha pombe. Togwa ikiachwa mahali pa joto siku ya pili na ya tatu, hamira zitaigeuza pombe bila kuombwa.

Kwa hiyo mama mdogo amelazimika kujifunza upya kazi aliyoifanya maisha yake yote. Zamani alingoja povu, sasa analitangulia. Huinamisha sikio mdomoni mwa mtungi: kukiwa kimya, au kukiwa na mlio mdogo wa hapa na pale, togwa iko sawa. Ikianza kuchemkachemka na kuwasha ulimi, haiinywi. Hupika kidogo, ya kuisha siku hiyo, na inayobaki huingia kwenye friji ili mwendo wake upungue. Anayeacha kilevi kabisa, kwa sababu ya dawa, dini au uraibu, ajue kwamba kinywaji chochote kilichochachuka chaweza kuwa na kilevi kidogo. Huyo anywe uji uliotiwa kimea siku hiyohiyo, ukiwa mtamu na haujalala. Kazi ni ileile na haipungui heshima.

Mbege ameiacha kabisa kwa sasa, hata kuwapikia wageni. Kwa desturi mwenye pombe huionja kwanza mbele ya wageni wake, na yeye anajua kwamba funda moja la heshima litaita la pili. Shemeji zake walinung'unika, wakaletewa togwa, wakanywa. Siku moja nilimuuliza, "Mama mdogo, mbege huikosi?" Akajibu bila kuinua macho kutoka kwenye gunia: "Jioni naikosa, mwanangu. Asubuhi nina ulezi wa kugeuza." Naona amefanya vyema. Anayeacha kunywa huku akiendelea kujaza mtungi wa pombe nyumbani kwake anajitafutia vita visivyo na lazima.

Sababu za kiafya hazihitaji mjadala mrefu. Wakala wa utafiti wa saratani wa Shirika la Afya Duniani uliiweka pombe kwenye kundi la kwanza la visababishi vya saratani mwaka 1988, na Januari 2023 shirika hilo lilitamka kwamba hakuna kiwango cha pombe kilicho salama kwa afya. Mnywaji wa kila siku akipunguza au kuacha, presha huelekea kushuka, na mafuta yaliyojazana kwenye ini huanza kupungua. Mbege na bia ya chupa katika hili ni kitu kimoja, kwani ethanoli yake ni ileile. Ila anayekunywa sana kila siku asikate ghafla peke yake, maana mwili waweza kutetemeka hadi kupatwa na degedege. Amwone daktari kwanza. Na mwenye kisukari akumbuke kwamba togwa ina sukari, japo hakuna aliyeitia.

Ufundi huu hauwezi kubaki kwenye maandishi. Siku hizi kimea kilichokwisha kusagwa kinauzwa sokoni kwenye mifuko, na anayekinunua hatajua kamwe kilivyonukia siku ya pili. Wanaojua kuotesha ulezi kwa mkono na pua bado wapo Kilimanjaro, Ruvuma, Iringa na kwingineko, na wengi ni wazee. Uwe unakunywa, umepumzika au hujawahi kuonja, nenda ukakae nao kuanzia kuloweka hadi kusaga, wakiwa bado wana nguvu za kukufundisha.