Nembo Kabla ya Msomaji: Uhakiki wa Mwongozo wa Waandishi wa Tovuti ya Shule Wilayani Rusizi

Makala hii inahakiki matini moja fupi: mwongozo ambao shule moja ya sekondari wilayani Rusizi, magharibi mwa Rwanda, iliwaandalia walimu na wanafunzi wanaoandika katika tovuti yake. Shule hiyo sitaitaja, kwa kuwa kasoro nitakazozieleza si zake peke yake, na kwa kuwa walioniruhusu kuusoma mwongozo walifanya hivyo kwa nia njema. Ninausoma kama tunavyosoma matini nyingine yoyote, yaani ninauliza ni nani anayesema, anasema na nani, na ni nani aliyesahauliwa katika mazungumzo hayo. Hoja yangu ni kwamba mwongozo huu umeipangia shule sura yake bila kumjua msomaji wake, na kwamba Kiswahili, kilichotengewa mstari mmoja tu, ndicho kinachoufichua upungufu huo.

Sehemu kubwa ya mwongozo inahusu umbo. Nembo ikae juu kushoto. Rangi ziwe samawati na nyeupe. Picha ya mkuu wa shule itangulie salamu zake. Yatakayoandikwa yanaguswa katika aya moja inayowataka waandishi wawe sahihi na wavutie. Wahakiki wa fasihi ya Kiswahili tumeutumia mgawanyo wa fani na maudhui kwa miongo mingi, na tumelaumiana vya kutosha kwa kuvitenganisha vitu viwili visivyotengana. Hapa mgawanyo ule ule umejitokeza mahali tusipoutarajia. Maandishi ya samawati hafifu juu ya weupe yanapendeza katika kompyuta ya ofisini, lakini mama mwenye meza ya mboga katika soko la Kamembe anayafungua katika simu, tena juani. Kanuni za kimataifa za ufikivu wa tovuti, WCAG, zinataka tofauti ya mwangaza isiyopungua 4.5 kwa 1 kati ya maandishi ya kawaida na rangi iliyo nyuma yake. Kwa mama huyo, rangi ni sehemu ya maudhui: asipoyaona maandishi, hakuna alichoambiwa.

Kuhusu lugha, mwongozo unasema habari ziandikwe kwa Kiingereza, kisha zitafsiriwe kwa Kinyarwanda, Kifaransa na Kiswahili inapowezekana. Mpangilio huo unaeleweka. Kiingereza ndicho kilichochaguliwa kuwa lugha ya kufundishia kwa uamuzi wa mwaka 2008, na Kiswahili kiliongezwa katika lugha rasmi za nchi mwaka 2017. Mwandishi wa mwongozo ameyapanga mambo kwa ukubwa wa lugha serikalini. Lakini kutoka Kamembe mtu hushuka hadi darajani akaingia Bukavu. Na upande wa kusini, Bugarama, Rwanda inapokutana na Burundi na Kongo, Kiswahili ni lugha ya nyumbani kwa familia nyingi. Sheria ya 2017 haikukileta Kiswahili Rusizi. Ilikikuta sokoni.

Mfano wa saa unatosha kuonyesha gharama ya mpangilio huo. Mwongozo una kanuni kuhusu wakati: uandikwe kwa tarakimu, kwa muundo mmoja katika lugha zote. Tangazo la mkutano wa wazazi lilitolewa kwa kuifuata kanuni hiyo. Toleo la Kiingereza lilitaja 8:00, la Kifaransa 8h00, na la Kiswahili, kwa utiifu kamili, likasema mkutano utaanza saa 8:00. Toleo la Kinyarwanda pekee ndilo lililoivunja kanuni, kwa sababu aliyeliandika aliandika anavyosema: saa mbiri. Kinyarwanda na Kiswahili huhesabu saa za mchana kuanzia macheo, na katika jambo hili lugha hizo mbili hazina ugomvi wowote. Kilichozigombanisha ni tarakimu iliyonakiliwa kutoka Kiingereza. Nilisimuliwa kwamba mzazi mmoja wa Bugarama alifika saa nane mchana, akakuta viti vimekwisha kurudishwa darasani. Hakukosea. Alikisoma Kiswahili kama kinavyosomwa.

Kosa hilo halikutokana na uzembe wa mwandishi, maana alifuata alichoelekezwa. Mwongozo uliuona ulinganifu wa sura kuwa ndio ulinganifu wa maana, na ukamfanya mtafsiri awe mnakili.

Msamiati nao una matatizo yake, ingawa hapa ninakiri kwamba jibu si jepesi. Fedha za shule huitwa ada Tanzania na karo Kenya; mzazi wa Rusizi, sawa na jirani yake wa Bukavu, amezoea neno lililotoka katika Kifaransa, minerivali. Tutamwandikia lipi? Wapo watakaosema Kiswahili sanifu tu, kwa kuwa ndicho wanachofundishwa wanafunzi, na hoja hiyo ina uzito. Hata hivyo, mkutano wa Mombasa wa 1928 ulioichagua lahaja ya Kiunguja kuwa msingi wa usanifishaji haukuwa na Cyangugu mawazoni; eneo hili lilikuwa chini ya Ubelgiji. Maoni yangu ni kwamba sarufi ibaki sanifu, na neno la mahali litajwe mara ya kwanza kando ya lile sanifu: ada ya shule, yaani minerivali. Neno umurenge ningeliacha lilivyo. Mtafsiri anaweza kuandika kata, tarafa au sekta, na kila moja litamtuma msomaji katika nchi nyingine, ilhali karatasi zote za mzazi huyu zimeandikwa umurenge. Na mto wenyewe? Upande mmoja huandikwa Rusizi, upande wa pili Ruzizi. Mwongozo unaoeleza upana wa nembo ungeweza kutumia mstari mmoja kuamua jambo hilo.

Jambo linalonitia wasiwasi zaidi ni desturi ambayo mwongozo unaibariki: tangazo rasmi lichapishwe, ligongwe muhuri, lipigwe picha, kisha picha hiyo ndiyo iwekwe katika tovuti. Ninaielewa heshima ya muhuri katika utawala wetu. Barua isiyo nao huonekana kama uvumi. Lakini picha ya barua ni nzito kwa mwenye salio dogo la intaneti, haitafutiki, na programu zinazowasomea wasioona haziambulii chochote ndani yake. Hata pale maandishi yanapowekwa kama maandishi, kurasa zote zimetambulishwa kuwa za Kiingereza, hivyo sauti ya kompyuta hukitamka Kiswahili kwa matamshi ya Kiingereza. Dawa yake ni herufi mbili, sw, katika msimbo wa ukurasa. Muhuri unaweza kubaki kama kiambatisho.

Kwa washauri wa sera naongeza hili: mwongozo unahimiza majina na picha za wanafunzi waliofaulu, bila neno lolote kuhusu idhini. Sheria Na. 058/2021 ya ulinzi wa data binafsi inataka ridhaa ya mwenye mamlaka ya mzazi kwa mtoto aliye chini ya miaka 16. Ridhaa hiyo itaombwa kwa lugha gani, ikiwa mzazi haelewi ile ya kwanza katika orodha?

Kiswahili ni somo katika mtaala wa sekondari, na shule hii ina mwalimu wake. Mwongozo haumtaji. Kazi ya tafsiri imeachiwa mashine, na mwalimu huletewa matini yakiwa yamekwisha kutangazwa. Ningependekeza yeye na wanafunzi wake wawe waandishi wa mwanzo wa matangazo yanayowahusu wazazi, Kiingereza kifuate. Orodha ya pamoja ya istilahi za shule kwa nchi wanachama ni kazi inayoifaa Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki iliyoko Zanzibar, lakini Rusizi haina haja ya kuingoja ndipo irekebishe saa.

Nilipoirudishia shule maoni haya, kanuni ya saa ilibadilishwa siku hiyo hiyo. Ile ya picha ya mkuu wa shule bado inajadiliwa.