Intaferoni Inapofanya Kazi, na Inaposhindwa

Mtoto anayezaliwa Gehandu, sawa na mwenzake wa kokote Tanzania, hudungwa BCG, chanjo ya kifua kikuu, bega la kulia siku zake za kwanza. Bakteria waliodhoofishwa waliomo huacha kovu dogo, mambo yakaisha. Kwa watoto wachache mno waliorithi kasoro ya kinga, bakteria hao hao husambaa: tezi za kwapa huvimba na kutoa usaha, ngozi hutoka vidonda, kisha mifupa na ini huingiliwa.

Dawa za kifua kikuu peke yake mara nyingi hazitoshi. Tena pirazinamidi, mojawapo ya dawa hizo, haiui BCG kabisa.

Kasoro iko kwenye mawasiliano ya seli. Seli za kinga ziitwazo makrofaji humeza bakteria, kisha hutoa intaleukini 12 kuita seli za T. Hizo hujibu kwa intaferoni gama, nayo hushika kipokezi juu ya makrofaji na kuiamsha iue ilichomeza. Mwaka 1994, daktari Steven Holland na wenzake Marekani waliwadunga intaferoni hiyo chini ya ngozi wagonjwa 7 wa bakteria wa jamii hiyo walioshindikana kwa dawa za kawaida. Wote walipata nafuu.

Matumaini yakapanda, lakini mwaka 1996 ukaonyesha mpaka wake. Timu mbili, moja ikichunguza watoto wa Malta na nyingine mtoto wa Tunisia aliyeuawa na BCG, ziligundua kwamba kipokezi chenyewe kilikuwa hakipo. Kwa mtoto wa namna hiyo sindano haina pa kushika. Kinachoweza kumponya ni kupandikizwa uboho. Mwaka 1998 ikajulikana kasoro nyingine, ya kipokezi cha intaleukini 12, na hapo intaferoni ya sindano inasaidia kweli, kwa sababu inajaza kilichokosekana.

Hapa ndipo ustadi ulipo: kupima kabla ya kudunga. Kipokezi kikikosekana kabisa, intaferoni hurundikana katika damu, na kipimo cha plazima huweza kuionyesha bila kusubiri uchunguzi wa jeni.

Kliniki ya kijijini haina kipimo hicho, ila ina maswali. Je, yupo ndugu wa mtoto huyu aliyefariki akiwa mchanga baada ya chanjo? Wazazi ni wa ukoo mmoja? Majibu yaandikwe kwenye barua ya rufaa ya kwenda hospitali ya Haydom au ya KCMC Moshi, na mdogo wake atakayezaliwa asidungwe BCG mpaka achunguzwe.