Waliokipa Kifuliiru Tahajia

Kaskazini mwa mji wa Uvira, mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, kutoka uwanda wa Ruzizi hadi milima ya Lemera, Kifuliiru kilisemwa vizazi vingi kabla ya kuandikwa. Waliokitungia tahajia hawakubuni lugha, ila kila uamuzi wa maandishi uliwaelemea wao: irabu ndefu iandikwe kwa herufi mbili, kama jina la lugha lenyewe linavyoonyesha; viambishi vishikane na shina au vitengwe; toni iwekewe alama au iachwe. Alama zikizidi humchosha msomaji, zikipungua humpoteza. Ndiyo maana kazi hii haimalizwi mezani: sharti wenyeji wasome kwa sauti, wakwame, tahajia irekebishwe, wasome tena. Wapo wasemao kuwa Kiswahili na Kifaransa vinatosha. Sokoni na ofisini, sawa. Lakini methali ya Kifuliiru ikitafsiriwa hupoteza mizani yake, na anayeisoma leo kama ilivyotamkwa ana deni kwa waliokitungia tahajia.