Mbona Tunawaua Wahusika?

Wenzangu mnaoandika hapa Mahongole, hebu tuulizane. Mtu akiamua kuendeleza kisa cha Rosa Mistika, riwaya ya Kezilahabi ya 1971, mbona huongeza misiba tu? Kicheko kakitupa wapi?

Mimi naona huzuni ni kichaka cha kujifichia. Msomaji huona haya kumkosoa anayelia. Kichekesho hakina huruma: asipocheka, umeumbuka.

Lakini Kezilahabi hakumuua Rosa hivi hivi tu. Ukali wa Zakaria, baba yake, ulianza kumchimbia kaburi mapema. Chipukizi wengi huchimba ukurasa wa mwisho, basi!

Mchekesheni kwanza huyo Rosa, jamani. Msomaji humlilia zaidi yule aliyewahi kucheka naye.