Kupima Njia ya Setilaiti Kutoka Shinyanga na Geita

Setilaiti haina mwanga wake. Huonekana usiku kwa sababu jua, ambalo limekwisha kuzama kwa aliye ardhini, bado linaimulika huko juu, na hapo ndipo hesabu ya mtazamaji wa Shinyanga inapoanzia. Karibu na ikweta jua huzama karibu wima, nyuzi 15 kwa saa, hivyo setilaiti ipitayo utosini kwa kimo cha kilomita 600 huingia katika kivuli cha dunia dakika 95 hivi baada ya machweo, na nusu saa ya kwanza ikitolewa, maana anga bado ni jeupe, kinachobaki ni saa moja na kitu kila jioni. London mwezi Juni jua halishuki zaidi ya nyuzi 15 chini ya upeo wa macho, na setilaiti kama hiyo humulikwa usiku kucha.

Ufinyu huo hufidiwa na mahali penyewe. Setilaiti ya Uhuru, iliyorushwa tarehe 12 Desemba 1970 kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi, Kenya ikiadhimisha miaka saba ya uhuru, ilikuwa na mwinamo wa nyuzi 3 tu, mwinamo ukiwa ni pembe kati ya njia ya setilaiti na ikweta. Mji wa Geita uko nyuzi 2.9 kusini, Shinyanga 3.7, kwa hiyo njia ya Uhuru ilifika utosini Geita na karibu na utosi Shinyanga, ilhali aliye kaskazini ya nyuzi 26 hivi haikumchomozea kamwe. Hata kundi la shule ya Kettering, Uingereza, lililofichua kituo cha siri cha Kisovieti cha kurushia roketi, Plesetsk, mwaka 1966 kwa kusikiliza redio, lisingeipata, kwani mawimbi yake nayo huzuiwa na mviringo wa dunia. Leo setilaiti ya NuSTAR, iliyorushwa mwaka 2012 kwa mwinamo wa nyuzi 6, huchomoza Shinyanga katika kila mzunguko, takriban kila saa moja na robo tatu, ingawa huhitaji darubini ya macho mawili.

Kipimo chenyewe ni cha nyota na saa. Mtazamaji huteua nyota mbili zilizomo katika ramani, tuseme za kundi la Nge, husubiri setilaiti ikate mstari uziunganishao, hubonyeza stopwochi papo hapo, kisha hukadiria ni sehemu gani ya mstari iliyokatwa. Kwa kuwa setilaiti huenda kilomita 7.5 kwa sekunde, kidole kikichelewa kwa sehemu ya tano ya sekunde, kosa ni kilomita moja na nusu. Saa iliyolinganishwa na GPS ina thamani kuliko darubini kubwa. Vipimo vya siku nyingi vikionyesha setilaiti inawahi zaidi na zaidi kuliko ilivyotabiriwa, maana yake ni kwamba hewa nyembamba inaishusha, kwani njia ya chini huzungukwa kwa muda mfupi zaidi. Ndivyo Uhuru ilivyoshuka hadi kuungua Aprili 1979.

Anayeanza kazi hii Geita na atafute kwanza uwanja ulio mbali na taa za mgodi, aandike latitudo na longitudo yake, ndipo afikirie kununua darubini.