Vennesla: mbavu 27 na mvua yetu

Wandugu wasomi, mtu akiona picha ya maktaba ya Vennesla mara ya kwanza, anasema tu: "Kumbe wameingia mu tumbo ya samaki!" Na kweli inafanana vile. Lakini picha nzuri haitoshi kusifia nyumba. Mimi sijafika kule. Nimechunguza michoro na picha, na hapa natoa mawazo yangu.

Vennesla ni mji mdogo wa kusini mwa Norwei. Mu mwaka 2011 ulipata maktaba hii, iliyochorwa na Helen & Hard, wasanifu majengo wa Stavanger. Inaunganisha nyumba mbili zilizokuwako tayari: nyumba ya jamii na kituo cha masomo. Paa inashikwa na mbavu 27 za mbao. Kila ubavu umetengenezwa kwa mbao nyembamba zilizokaushwa, zikapangwa moja juu ya ingine na kubanwa kwa gundi mpaka zikawa kitu kimoja kigumu.

Sasa fuata ubavu mmoja kwa macho. Juu unabeba paa. Katikati ya mbavu kuko taa, njia za hewa na vifaa vya kumeza kelele. Ukishuka chini unageuka rafu ya vitabu, halafu pembe ya kukaa na kusoma.

Ile ndiyo ilinigusa, juu TFC yangu niliiandikia mu chumba cha kusomea chenye manjanja bila plafo. Mvua ikianza kupiga, hakuna mtu aliweza kufikiri tena. Saa kumi na moja giza, tunarudi nyumbani. Vitabu vilikuwako, nyumba ndiyo ilitufukuza. Tangu pale napima maktaba kwa kipimo kimoja: inamwacha mtu akae saa ngapi? Kwa kipimo hicho Vennesla inapita vizuri sana.

Hata hivyo niko na lawama. Rafu na nguzo vikiwa kitu kimoja, kesho mkitaka kupanga ukumbi upya mtafanya nini? Ubavu hausukumwi kama meza. Tena umbo la mbavu linabadilika kadiri unavyotembea ndani, na kazi ile inadai mashine za kukata kwa usahihi mkubwa. Mji ukikosa mashine na pesa za kuzilipa, utabaki na mchoro ukutani.

Wengine watasema: Congo iko na pori kubwa, basi tujenge vile. Polepole! Mti uliosimama Tshopo bado si ubavu. Unahitaji kukaushwa sawasawa, gundi ya kuaminika, kiwanda, na fundi aliyefundishwa. Tukiruka hatua hizo, mbao zitajikunja na paa itavuja.

Lakini wazo la kupa kitu kimoja kazi nyingi halidai kiwanda. Fundi wa mtaani anaweza kujenga ukuta mnene, dirisha lake likawa na benchi, chini ya benchi rafu. Anaweza kuweka plafo ya mbao chini ya manjanja, ipunguze kelele na joto. Wale kati yetu wanaochora nyumba, siku mkiitwa kuchora maktaba, anzeni na swali hili: mvua ikinyesha saa tisa, ni nani atabaki ndani akisoma?