Kikombe cha Maji ya Moto

Bibi ameketi kitini, mzee, amechoka, kimya. Mjukuu wake Jamie anachukua kikombe na kukimiminia maji ya moto mpaka yanafurika na kutiririka mezani. Unaweza kudhani ni utundu. Lakini anayamwaga maji yote, kisha anaifumbatisha mikono ya bibi yake kwenye kikombe kile kitupu, kingali na joto. Hasemi neno. Kila nikiliona tukio hili, koo hunikaba.

Limo katika My Childhood, filamu ya 1972 ya Bill Douglas, Mskoti aliyezaliwa mwaka 1934. Ilifuatwa na My Ain Folk (1973) na My Way Home (1978), na zote tatu zimechotwa katika maisha yake mwenyewe. Ya kwanza inatupeleka Newcraighall, kijiji cha wachimba makaa ya mawe karibu na Edinburgh, mwaka 1945. Jamie na mvulana mwenzake, Tommy, wanalelewa na bibi huyo katika ufukara. Mama yake Jamie yuko hospitali ya wagonjwa wa akili. Mtu mzima anayempa Jamie muda wake ni Helmuth, mfungwa wa vita Mjerumani anayefanya kazi shambani. Mtoto anamfundisha Kiingereza kwa kitabu cha picha. Vita vikiisha, Helmuth anarudishwa kwao.

Mwingine angejaza hapo vilio na maelezo. Douglas anaitua kamera, anapunguza maneno, anamwacha mtoto ndani ya picha nyeusi na nyeupe muda wa kutosha hadi sisi wenyewe tunaanza kuuhisi upweke wake. Stephen Archibald, aliyeigiza Jamie, hakuwa mwigizaji, na ndiye aliyeendelea katika filamu zote tatu, hivyo tunamwona akikua kweli mbele ya macho yetu. Uso wake hauombi huruma. Unangoja tu, kama wanavyongoja watoto waliokwisha kuzoea kuachwa.

Douglas alifariki mwaka 1991, akiwa ameongeza filamu ndefu moja tu, Comrades. Wanaomjua ni wachache mno kwa kazi ya uzito huu. Wewe unayetaka kusimulia maisha ya mtoto mpweke, kwa kamera au kwa kalamu, usianze na machozi yake. Tafuta kwanza kile ambacho mikono yake inamfanyia mwenzake.